Redio ya Baba Nyambura

Vijana wenzangu wa kipaza sauti, kila mnaponikuta mjini mnanisalimu kwa mstari ule ule: "Ongeza redio, mama, nyumba hii ina utaratibu wake!" Mnacheka, mnanigongea mkono, na juzi mmoja wenu aliniomba ruhusa ya kuutumia katika filamu anazotafsiri kwa simu yake, ili usipotee pamoja nami. Nilijifanya sijasikia, jambo ambalo, kama mtakavyoona, nina uzoefu nalo.

Nimestaafu mwaka huu. Hakukuwa na keki wala hotuba, maana anayetafsiri filamu za watu kwa ajili ya vibanda vya video hana mwajiri wa kumlilia. Nilikunja nyaya, nikampa jirani godoro langu la ukutani, basi. Mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla yenu, na nitaandika. Habari za nilichokuwa nikipata nitaziruka. Hazitawafaa, na mke wangu akizisoma ataanza maswali mapya.

Siku yangu ya kwanza sikuajiriwa, niliingia kama mtazamaji tu. Ilikuwa Kabiria, kwenye kibanda cha mabati cha Mzee Gathogo, chenye mabenchi ya mbao na blanketi kuukuu badala ya mlango. Mtafsiri wake alikuwa amepotelea kwenye mazishi na watu walikuwa wameshalipa. Mzee Gathogo akasimama mbele akauliza nani anajua Kiingereza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikanyoosha mkono kwa majivuno. Filamu ikawa ya Kichina. Mkono ulikuwa tayari juu na niliona haya kuushusha, kwa hiyo nikatafsiri lugha ambayo sikuwahi kuisikia, kuanzia mwanzo wa filamu hadi mwisho. Wachina wale waligombania shamba la kahawa na mmoja alidai mahari. Watu walitoka wakipangusa machozi ya kucheka, na Mzee Gathogo akaniambia nirudi kesho.

Yeye ndiye aliyenipa jina la DJ Sufuria, kwa kuwa alisema sauti yangu inalia kama sufuria iliyoangushwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye koti moja, na alinifunza karibu kila kitu nilichojua. Mwigizaji akigeuka, alisema, hapo ndipo useme sana, kwa sababu midomo haionekani. Ngumi zikianza, nyamaza, usiwaharibie watu ngumi zao. Na kabla ya yote, mpe kila mtu jina la hapa kwetu, na mdomo wa mtu unayemjua.

"Watu hawalipi kuona Mzungu," aliniambia. "Wanalipa kuona jirani yao akiwa Mzungu."

Nilifuata sheria hiyo kwa bidii. Majambazi wangu wote walikopa maneno kwa makanga wa matatu za barabara ya Ngong. Mapolisi walizungumza kama mwenye nyumba wangu wa kwanza. Malkia mmoja wa Uingereza nilimpa mdomo wa mama muuza mboga wa Kawangware, na yule mama aliposikia alinipa sukuma wiki za bure, akasema hata yeye alijiona anafaa taji.

Kifaa changu kikuu kilikuwa kipaza sauti kilichovikwa soksi, ili herufi za kupuliza zisilipuke. Nilikuwa na mashine ya kuchanganyia sauti ambayo kidude chake kimoja kilishikiliwa na njiti ya kibiriti, na godoro la kuegemeza ukutani ili sauti isirudi. Nikimaliza kurekodi nilipeleka kazi kwenye maduka ya River Road mjini, ambako ilichapwa kwenye sidi na kusambazwa kila mahali, hadi vijiji ambavyo sijakanyaga. Ndiyo maana nasema msidharau neno dogo mnalolitupia kwenye filamu. Likishatoka River Road hamwezi kulirudisha.

Nilipoanza kujiweza kidogo nilihamia mtaa wa Satellite, kwenye ploti ya vyumba vilivyopangwa kuzunguka uwanja mmoja, mfereji wa kuteka maji katikati na kamba za nguo juu. Mke wangu alikuwa nyumbani Ukambani na watoto, mimi nilikuwa peke yangu na godoro langu. Ukuta kati yangu na jirani ulikuwa wa tofali moja, na juu yake dari ilikuwa ya pamoja. Mtu akipiga chafya upande ule, wewe huku unamwambia pole.

Jirani huyo alikuwa Baba Nyambura. Alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini, mtu wa shati lililopigwa pasi, mzee wa kanisa, sauti ya chini, salamu kwa kila mtu hadi kwa mbwa. Mtoto wangu Mutheu alipougua akiwa amenitembelea, yeye ndiye aliyegonga mlango mmoja mmoja akitafuta watu wa kunisindikiza hospitalini. Nyambura, binti yake wa pekee, alikuwa darasa la pili. Mkewe, Mama Nyambura, alianika nguo kwa mpangilio, soksi na soksi, shati na shati, na ukimsalimu alijibu akiangalia ndoo.

Baba Nyambura hakuwahi kupiga kelele. Nataka mlielewe hilo, kwa kuwa ndilo lililotusaidia sote kulala. Akirudi jioni, nilimsikia akiuliza kwa upole unga umetumika kiasi gani, na nani aliruhusu. Unga na sukari alivifungia kwenye sanduku la chumbani, na ufunguo alikuwa nao. Alikula kwanza, mke na mtoto wakiwa wamesimama kando ya mlango. Kukiwa na kosa alisema, "Nyumba hii ina utaratibu wake," kisha, "Mama, ongeza redio." Nyimbo za injili zilipanda mpaka dari ikatetemeka. Chini ya nyimbo hizo ulikuwepo mkanda, na ulipotua ukutani au mahali pengine, tuliujua. Baada ya muda redio ilizimwa.

Ploti nzima ilijua maana ya redio ile. Tulikuwa na mzaha wetu: nyimbo zikipanda, mtu wa kwenye mfereji alisema, "Baba Nyambura anaomba," na mwingine akajibu, "Amina." Tulicheka, kisha kila mtu akachukua ndoo yake. Mimi pia nilisema amina.

Sasa nije kwenye filamu. Ililetwa na muuzaji wa River Road aliyesema ni ya kutisha sana. Niliitazama peke yangu nikisubiri zimwi, na zimwi halikutokea. Kulikuwa na familia ya Wazungu, nyumba nyeupe, maua dirishani, baba mwenye tai anayeomba kabla ya chakula. Wamemchukua msichana yatima awe mtoto wao. Kila mgeni akiondoka, baba anafunga mapazia taratibu, na mama anakwenda kusimama jikoni akitazama ukuta mpaka mambo yaishe. Ndiyo hivyo filamu nzima. Hakuna anayefukuzwa msituni wala kaburi linalofunguka.

Kama kazi, ilikuwa ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa. Nitatafsiri nini? Baba haongei sana, mama haongei kabisa, ngumi hazionekani. Nilijua watu wa kibanda wakiona filamu ya kimya watarusha maganda ya miwa kwenye skrini. Nikakumbuka sheria ya Mzee Gathogo, nikamtafutia yule baba Mzungu mdomo wa mtu ninayemjua. Sikuhangaika kutafuta. Sauti ilikuwa upande wa pili wa godoro langu.

Basi kila alipofunga pazia, mimi nilimsemesha, kwa upole ule ule wa chini: "Ongeza redio, mama, nyumba hii ina utaratibu wake." Nikaongeza habari za unga. Nikaongeza, "Nani aliruhusu?" Mama aliyesimama jikoni sikumpa neno hata moja. Hakuwa na lolote la kuchekesha.

Siku ya kwanza kuonyeshwa, kibanda cha Mzee Gathogo kilitaka kuanguka. Wanaume walipiga mabenchi. Mwisho wa filamu, yatima alipokuwa akiburutwa, watu wenyewe walimtangulia baba kwa sauti moja, "Ongeza redio!" Nilisimama nyuma nikifurahi kama bwana harusi. Mzee Gathogo hakucheka. Aliniuliza tu, "Huyu ni nani?" Nikasema ni Mzungu. Akaniangalia, akarudi kukusanya chupa.

Baada ya sidi kusambaa, watoto wa ploti waliugeuza mstari ule kuwa wimbo wa kuruka kamba. Baba Nyambura alipita katikati yao na begi lake la ofisi, akatabasamu, akawapa peremende. Nadhani hakujitambua. Watu wa namna ile hawajisikii wakiongea.

Mkewe alimsikia. Alikuja mchana mmoja nikiwa nakunja nyaya, akasimama mlangoni na beseni tupu mkononi.

"Hujambo, Baba Mutheu."

"Sijambo, Mama Nyambura. Karibu."

"Nimeskia watoto wakiimba kitu hapo kwa mfereji. Nimeuliza, wakaniambia imetoka kwa filamu yako."

"Ni mchezo tu," nilisema haraka. "Ni mambo ya Wazungu."

"Najua ni filamu." Akahamisha beseni mkono wa pili. "Kumbe mlikuwa mnasikia."

Nikaendelea kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa. Mimi, niliyewasemea Wachina.

"Nilikuwa nafikiria redio inafunika," aliendelea. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Miaka yote hiyo nilikuwa najua hiyo ni siri yangu. Napita hapo nje nawasalimia vizuri, na nyinyi mnanisalimia vizuri. Kumbe mlikuwa mnajua hadi unga."

Niliona aibu kuanzia kwenye nyayo. Aibu ya kuiba ina mahali pake, unarudisha kitu yakaisha. Hii sikujua ningeirudisha wapi. Nilimwomba msamaha, nikasema nitakwenda River Road kuzuia sidi, na wote wawili tulijua hilo haliwezekani.

"Sijakujia hiyo," akasema. "Wazee wa kwao Baba Nyambura wanakuja Jumapili. Nimesema narudi kwetu Limuru na mtoto. Yeye amesema niende, lakini Nyambura ni wa nyumba yao, anabaki. Amewaambia mimi ni muongo, hakuna mtu amewahi kusikia kitu. Wewe umeshasema hii maneno mbele ya watu wengi. Si ukuje useme tena, mbele ya hao tu?"

Nilisema nitakuja. Jumapili ilipofika nilikaribia kusafiri ghafla kwenda Ukambani. Nilikumbuka Mutheu mgongoni mwangu na Baba Nyambura akigonga milango, nikajiambia mtu yule alinitendea wema na mimi nitamlipa hivyo. Nikajiambia mengi. Mwishowe nilivaa shati nikavuka uwanja, na sijui mpaka leo kama ni ujasiri au ni kwamba Mama Nyambura alikuwa amesimama mlangoni akinitazama.

Chumba kilikuwa na vitambaa vyeupe kwenye makochi na chai kwenye chupa. Baba mkubwa wa Baba Nyambura ndiye aliyeongoza kikao. Kando yake alikaa mama mzazi wa Baba Nyambura, ambaye wote walimwita Shosho, yaani bibi, kikongwe mwenye umbo dogo na kilemba. Kaka wa Mama Nyambura alikuwa karibu na mlango. Nyambura mwenyewe alikuwa amepelekwa kwa jirani. Redio ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa.

"Mimi sina maneno mengi," alisema Baba Nyambura. "Mnanijua. Ulizeni hii ploti yote kama kuna mtu amewahi kusikia kelele kwa nyumba yangu."

Wakamuuliza mwangalizi wa ploti. Aliitazama chai yake. "Mimi sijaskia kelele. Labda redio, na hiyo ni ya Mungu."

Ndipo nikatajwa jina, baba mkubwa akanigeukia, na uso wake ukalegea kwa furaha. "Huyu si ni DJ Sufuria? Hata kwetu tunamsikia. Haya, DJ, tuambie. Lakini usituchekeshe!"

Nikasimama. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mazito ya kiserikali. Nikasema, "Mimi ni jirani wa ukuta mmoja. Baba Nyambura akifika jioni huwa anasema..." na hapo nikalazimika kusema anachosema, na nilipofungua kinywa ikatoka sauti ile ya filamu. "Nani aliruhusu?"

Baba mkubwa akapasuka kicheko. Kaka wa Mama Nyambura, ambaye alikuja kumtetea dada yake, naye akacheka, akajifuta macho. Mwangalizi akacheka mpaka akamwaga chai. Nimechekesha watu maisha yangu yote, na sijawahi kusikia kicheko kibaya kama kile. Nilitaka kuanza upya kwa sauti yangu ya kawaida, nikashindwa. Maneno yale nilikuwa nimeyavalisha sauti moja kwa muda mrefu hata hayakutaka nyingine. Nikasema samahani, nikaanza kukaa.

"Mwacheni aongee vile anajua," alisema Mama Nyambura. Alikuwa amesimama kando ya mlango, mahali pake pa kila jioni. "Ni hivyo tu inakuanga. Hata hajaongeza."

Basi nikaendelea. Sikuongeza na sikupunguza. Nilisema habari za unga na ufunguo, na wale wawili wanaosimama kando ya mlango huku yeye akila. Nilisema "nyumba hii ina utaratibu wake" kwa upole wake ule ule, na "mama, ongeza redio," nikauimba wimbo kidogo, nikanyamaza pale ambapo mkanda huwa. Nikarudia jioni nyingine, na nyingine. Kicheko kilipungua, kikawa kikohozi, kisha hakikuwepo. Baba Nyambura alikuwa akinitazama kama mtu anayeonyeshwa picha yake aliyopigwa bila kujua. Alisema, "Huyo anaigiza. Hiyo ni kazi yake."

Shosho aliinua mkono. "Inatosha," akasema. "Hiyo sauti naijua. Hata si ya huyu. Ni ya babake." Akamgeukia mwanawe, ambaye alikuwa ameanza kusema kitu. "Nyamaza. Na mimi niliongeza hiyo redio. Wewe ulikuwa mdogo, nikafikiria haitakuingia."

Baba mkubwa alitaka kusema habari za mila, kwamba mtoto ni wa ukoo. Shosho akamwambia kama ni ukoo, yeye ndiye aliyeuzaa, na mtoto ataondoka na mama yake. Kikao kikaishia hapo, bila sala ya kufunga. Baba Nyambura aliinuka akakinga kikombe cha mama yake kisianguke mezani. Alikuwa mpole hadi mwisho.

Waliondoka siku iliyofuata mchana. Kaka yake alileta pikapu. Ploti nzima ilitoka kusaidia, na sijawahi kuona watu wenye bidii namna ile. Mwangalizi alibeba kitanda peke yake. Wanawake walikunja nguo, wakafunga vyombo kwa magazeti, wakamletea Nyambura mandazi ya safari. Kila mmoja alijitahidi aonekane, na hakuna aliyethubutu kumwangalia Mama Nyambura usoni. Yeye aliwashukuru mmoja mmoja, kwa jina, vizuri kama alivyokuwa akitusalimu siku zote. Mimi nilibeba beseni, kwa sababu ndilo lililobaki.

Alilipokea, akaliweka kwenye pikapu. "Asante, Baba Mutheu," akasema. "Na utuwie radhi kama kuna siku tulikuharibia kazi."

Nilimwambia hawakuwahi kuniharibia kazi hata siku moja.

"Nilikuwa najaribu," akasema. "Redio ikizimwa nilikuwa najua sasa unataka kurekodi. Nilikuwa namwambia Nyambura alie kwa mto wa kulala, asiskike kwa mashine yako."

Pikapu ikaondoka. Ni kweli nilikuwa nikisubiri redio izimwe, ndipo niwashe mashine. River Road niliwasifia wenzangu chumba changu, nikawaambia nimebahatika, kwamba nyimbo za jioni zikiisha majirani zangu ni watu watulivu sana. Filamu ile pia niliirekodi hivyo, baada ya redio kuzimwa.